Damu Si Sabuni

Dobi alikuwa akitia mkaa kwenye pasi mkewe aliporudi kutoka ubatizoni, maji yakimchuruzika viwikoni. Alimpa taulo, likalowa. Akampa la pili, ambalo lilikuwa la mteja, nalo likalowa. Kufikia jioni kila kilichokuwa kimelowa pale dukani kilikuwa kimekauka, isipokuwa mkewe.

"Utakauka kesho," dobi alisema. Kukausha ndiyo kazi yake, na jua alilijua tabia zake zote.

Kesho yake hakukauka, wala wiki iliyofuata. Wakaweka beseni chini ya kiti chake na jingine upande wake wa kitanda. Mchungaji alikuja kumtazama, akasema yeye haoni tatizo, maana waumini wake wengi hukauka kabla hawajafika nyumbani. Majirani nao walizoea. Bomba la mtaa likikatika, walikuja na vikombe.

"Niliomba mke, nikapewa bomba," dobi aliwaambia wateja, na wateja walicheka.

Zamani asingethubutu kusema hivyo. Kabla ya kuokoka, mke wa dobi alikuwa na ulimi ambao mtaa mzima uliukwepa. Hata mbwa wa mwenye nyumba walizunguka nyuma wakimsikia ameamka vibaya. Sasa maneno makali yalimjia vilevile, ila yalipoa njiani. Dobi aliliona hilo. Hakulisema, lakini siku hizi alikuwa akimwachia yeye kikombe kisicho na ufa.

Kitu kimoja tu alikikataa katakata, nacho ni wimbo mmoja wa kanisani. Mkewe alipokuwa akikunja mashuka aliimba polepole kwamba ameoshwa kwa damu akawa mweupe, na dobi aliweka pasi chini.

"Mama watoto, mimi nimefua nguo tangu sijaota ndevu. Damu haing'arishi kitu. Damu ndiyo doa baya kuliko yote. Ukiiwahi kwa maji baridi na chumvi, sawa. Ukiikosea ukaitia maji ya moto, imeganda humo mpaka Kiyama. Huyo aliyetunga wimbo hajawahi kufua hata soksi."

"Hewala, mume wangu," mkewe alijibu, akaendelea kukunja.

Mchungaji alikuwa amemwambia asimhubirie mumewe kwa midomo. Aishi naye vizuri, angoje siku atakayoulizwa juu ya imani yake. Basi akawa anangoja. Kila asubuhi alimtengea chai, akaomba kimya, akangoja swali. Dobi aliuliza chumvi iko wapi, aliuliza nani kachukua vibanio. Swali lenyewe halikuja.

Kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la duka, aliketi mama wa mwalimu. Mwanawe alifundisha hesabu shule ya mtaani, mpaka mchana mmoja gari lilipomchukua mbele ya darasa. Watoto wote waliona gari, na wakubwa wote hawakuliona. Tangu hapo mama yake alileta shati la mwanawe lilelile kila wiki, halijavaliwa, linyooshwe upya likae tayari. Dobi alilinyoosha kila mara kwa uangalifu wa shati la bwana harusi. Akiulizwa bei alisema, "Pasi ilikuwa tayari ina moto, mama. Moto wa bure." Mkewe alisikia, na usiku alimtajia Mungu neno hilo, ili lisisahaulike huko juu.

Ikaja wiki bomba likakauka kabisa. Nguo kavu hainyooki bila kunyunyiziwa maji, na dobi hakuwa na tone. Akachota kwenye beseni la mkewe.

Maji yale yalikuwa na tabia yake. Yalipogusa nguo, yaliita madoa yaliyokwishaondoka. Kwenye gauni la jirani ulirudi mchuzi wa sherehe ya zamani. Kwenye suruali ya karani ulirudi wino alioapa kwamba hakuumwaga yeye. Wateja walinung'unika kidogo, wakalipa, maana kila mmoja alilijua doa lake.

Halafu dobi akatandaza shati jeupe la Kamanda, mkuu wa askari wa mji.

Mashati ya Kamanda yaliletwa kila wiki yakiwa yamekwisha kufuliwa nyumbani, ya kutiwa wanga na kupigwa pasi tu. Dobi siku zote aliuona huo kuwa ustaarabu. Sasa alinyunyiza, na doa likapanda kutoka ndani ya kitambaa, jekundu, bichi, kutoka kwenye kifungo cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kwenye mkunjo wa mkono lilikuwa na chembe nyeupe za chaki.

Dobi alilitazama kwa muda mrefu.

"Wamelifua kwa maji ya moto," alisema kwa sauti ndogo.

Akalitia chumvi, akalitia ndimu, akalitia kila alichorithi kwa baba yake. Doa lilibaki. Mkewe alifunga dirisha la upande wa benchi, kisha akalisukuma beseni chini ya meza.

"Tulichome," dobi alinong'ona.

"Atauliza liko wapi."

"Tumwambie limeibwa."

"Atamtafuta mwizi, mume wangu. Na atampata."

Dobi alikirudisha kibiriti mfukoni, maana ilikuwa kweli. Kamanda hakosi kumpata anayemtafuta.

Alikuja Jumamosi, peke yake, mpole kama kawaida. Alimsalimia mama wa mwalimu pale kwenye benchi, akamuuliza hali ya miguu yake. Akaingia.

"Bado unavuja, mama?"

"Bado, Kamanda."

"Pole sana. Na mimi nyumbani nilikuwa na bomba linavuja hivyo hivyo. Nikaliziba."

Pasi iligonga meza. Dobi aliomba radhi, akalileta shati likiwa limekunjwa, mkono wenye doa ukiwa ndani. Kamanda alilikunjua. Alilishika mkono ule akautazama kama mtu anayesoma saa.

"Hili halikuwepo."

"Halikuonekana, Kamanda," dobi alisema. Jasho lilimtoka mpaka akafanana na mkewe.

"Mnajua ni la nini?"

"Sisi tunanyoosha tu, mzee wangu. Hatuulizi."

"Vizuri." Akamgeukia mke wa dobi. "Na wewe, uliyeokoka? Linatoka hili?"

Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye kidevu, tone baada ya tone, na dukani hakukusikika kingine. Angeweza kusema halitoki, yakaisha. Alimwangalia Kamanda, akaona kwamba amejikata vibaya wakati wa kunyoa, na kwamba hana mtu wa kumwambia.

"Linatoka," alisema. "Lakini si kwa kufuliwa. Linatoka kwa kutajwa. Siku ukitaka kulitaja, njoo. Hata ukichelewa, mimi nitakungoja."

Dobi alifumba macho.

Kamanda alicheka taratibu, bila haraka. "Niombee, mama," alisema. Akavua shati alilokuwa amevaa, akalivaa lile la doa, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, akaondoka. Nje watu walimsalimia. Alinyoosha mkono, wakaushika, kisha wakapangusa viganja vyao kwenye nguo zao huku wakizungumzia bei ya vitu. Mama wa mwalimu alisogea kidogo kwenye benchi ili Kamanda apite.

Wiki iliyofuata yaliletwa mashati mengine matatu, yamefuliwa, ya kupigwa pasi tu. Bomba lilikuwa limerudi, na maji ya bomba hayaiti kitu. Dobi aliyanyoosha, yakang'aa. Lile la doa Kamanda aliendelea kulivaa siku za mikutano, na wote wakalizoea, kama walivyomzoea mwanamke asiyekauka.

Mchana mmoja dobi alimaliza shati la mwalimu, akalitundika. Hakurudi kwenye pasi. Alivuta kigoda, akakaa karibu na kiti cha mkewe, akaweka mkono wake chini ya kiwiko cha mkewe. Maji yakawa yanadondokea kiganjani. Hakukipangusa.

"Ule wimbo wenu," alisema, bila kumtazama.

Mkewe aliacha kukunja shuka. Alikuwa amelingoja jambo hili muda mrefu, na sasa alitamani mumewe angenong'ona.

"Hiyo damu," dobi aliuliza. "Ni damu ya nani?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kule kwenye benchi, mama wa mwalimu aliinua kichwa, akageuka, naye akawa anangoja jibu.