Kura ya Fundi Saa

Mimi na Mpima tulibishana miaka kumi na mmoja juu ya nyimbo mbili, na sioni haya kusema hivyo. Watu wanabishana juu ya mpira mpaka wanarushiana viti, hakuna anayewashangaa. Sisi tulibishana juu ya roki ya zamani, ile ya nyimbo ndefu ambazo mtu anaweza kwenda kuoga, akarudi, akamkuta mpiga kinanda bado hajamaliza alichoanza.

Wangu ulikuwa "Bustani ya Chuma", dakika ishirini na tatu, upande mzima wa santuri. Wa Mpima ulikuwa "Barua kwa Mnara", dakika kumi na tisa, na ukiniuliza mimi, kumi kati ya hizo ni filimbi ya kuchungia mbuzi. Mpima kazi yake ni kupima viwanja, na ubishi wake ni wa vipimo: atakuambia gitaa linaingia dakika ya ngapi, na ngoma zinaacha mapigo manne na kushika saba sekunde ya ngapi. Mimi nakata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, na ubishi wangu ni wa sauti kubwa. Yeye alisema wimbo wangu ni majigambo ya watu watano wasiosikilizana. Mimi nilisema wimbo wake ni wa kubembelezea watoto. Mengine tuliyoambiana siwezi kuyaandika, na mke wangu alimkataza Mpima kukanyaga kwetu kwa mwaka mzima.

Ndiyo maana tulikuwa tukikutana kwa Fundi Saa. Kila Jumamosi mchana akishafunga duka alitutolea vigoda viwili, akaweka santuri, akaketi nyuma ya meza yake akiendelea kuchokonoa saa ya mtu. Nyimbo zote mbili alizipenda. Kati yetu watatu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sikio la kweli. Alikuwa akiiweka saa mbovu sikioni na kukuambia ni jino lipi la gurudumu lipi limelika. Tukakubaliana yeye awe mwamuzi, na atakachosema ndicho. Miaka kumi na mmoja hakusema. Kila tukimbana alijibu kwamba bado anasikiliza.

Halafu moyo wake ukachoka. Wakamlaza wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Binti yake, ambaye anashona sare za shule, aliambiwa na daktari ahesabu wiki, asihesabu miezi. Mke Fundi hakuwa naye tena, na ndugu zake walikuwa mbali. Majuma mawili ya kwanza mimi nilikwenda kumwona mara moja, na Mpima mara moja. Kila mtu alikuwa na udhuru wake, na kila udhuru ulikuwa mzuri.

Juma la tatu binti alitupigia simu wote wawili na ujumbe mmoja: baba yuko tayari kuamua, ila anataka kuzisikia nyimbo upya na kusikia hoja za kila upande.

Kesho yake, saa kumi kasoro dakika tano, nilikuwa mlangoni mwa wodi. Mpima alikuwa ameshafika.

Tulikwenda kila siku mwezi mzima. Tulimwekea nyimbo kwenye simu, spika ndogo kando ya mto, naye akafumba macho huku kidole kikigonga shuka. Wimbo ukiisha alikuwa akisema, hebu nirudishieni kile kipande cha katikati. Kikirudishwa akaomba mto ugeuzwe. Mto ukigeuzwa akaomba maji. Nilimkata kucha za miguu huku nikimweleza uzuri wa kinanda. Mpima alimsugulia meno ya bandia, na mimi nisije nikapitwa nikabeba chupa ya mkojo mpaka chooni, mimi ambaye nyumbani, kwa ushahidi wa mke wangu, sijawahi kuosha hata kikombe changu.

Siku moja Mpima alishikilia kwamba pale dakika ya kumi na moja, vyombo vyote vinaponyamaza ikabaki filimbi na pumzi ya mpigaji, hakuna tena kitu kama hicho duniani. Nikamwambia wenzake walikuwa wamesahau zamu yao, na studio ikaona uvivu kurekodi upya. Mpima akainuka kitini na kunishika ukosi. Fundi Saa alicheka mpaka nesi akaja mbio kumpima. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mpishi wa shule, ambaye nduguze walijaa pale kila jioni mpaka wengine wakawa wanasimama, alituambia amezisikiliza zote mbili na kwake ni kama masufuria yanaporomoka kwenye ngazi.

Muda wa kuona wagonjwa ukiisha, Fundi alikuwa akinivuta mkono. Leo Mpima amekuzidi kidogo, alininong'oneza, kesho njoo na hoja nzito. Nilikuja kugundua kwamba Mpima naye alikuwa akinong'onezwa vivyo hivyo.

Binti yake ndiye aliyeniambia wazi. Alinisimamisha kwenye korido, chupa ya chai mkononi.

"Baba mdogo, nakuombeni msimharakishe," alisema. "Anajua siku mkipata mnachokitaka hamtakuja tena."

Nikamuuliza kama ni yeye mwenyewe aliyesema hivyo.

"Hajasema. Lakini tangu asubuhi ananiuliza saa. Ikifika saa tisa ananiambia nimchane nywele."

Niliona haya, nasema kweli. Lakini haya yangu ilinisindikiza mpaka mwisho wa ngazi tu, kwa sababu nilipofika getini nilikuwa nimeshawaza jambo jingine: kama ndicho anachokiogopa, basi najua cha kumwahidi.

Nilingoja Mpima asafiri. Jumatano ile aliondoka kwenda kupima mipaka ya shamba fulani, siku tatu, na mimi nikaenda wodini na daftari letu, lile tulilokuwa tukiandikia hoja. Siku hiyo sikumwekea wimbo wowote. Nilimgeuzia mto kabla hajaomba, nikamshika mkono.

"Unadhani mimi nakuja hapa kwa ajili ya kura?" nikamuuliza.

Akageuza uso dirishani.

"Piga kura leo. Kesho utaniona, keshokutwa utaniona, mpaka siku utakayotoka humu."

"Mpaka nitakapotoka," alisema, na wote wawili tulijua atatokaje.

"Naapa."

Alinitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama saa iliyoletwa na mtu anayedai haijawahi kuanguka. Kisha akasema, "Bustani ya Chuma." Nikamtaka aandike. Herufi zilipanda na kushuka, lakini zilisomeka. Nilimwita mpishi wa shule aweke sahihi ya ushahidi. Akaweka, akasema anatumaini sasa wodi itatulia. Nilimbusu Fundi kwenye paji la uso, na kabla sijafika chini nilikuwa nimeshaupiga picha ukurasa ule na kumtumia Mpima.

Kesho yake nilikusudia kwenda. Nisijisingizie ubaya zaidi ya nilio nao. Viatu nilikuwa nimevaa. Ila kiwandani wenzangu walikuwa wakinipongeza, tukakaa kupiga soga, saa kumi ikapita. Ijumaa kulinyesha. Jumamosi nilijiuliza nikifika pale nitaongea naye nini, na nikakosa jibu. Miaka yote ile, kumbe hatukuwahi kuzungumza jambo lingine. Sikujua hata mke wake aliitwa nani.

Mpima aliporudi alinipigia simu na kunitukana. Alisema kura imeibwa, na Fundi ni msaliti aliyenunuliwa kwa kugeuziwa mto, na kwamba hatatia mguu tena katika wodi ile. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Basi ikawa hivyo: mimi niliacha kwenda kwa sababu nilishinda, na Mpima akaacha kwa sababu alishindwa.

Siku ya tisa binti alinipigia. Hakunilaumu, hata salamu zake zilikuwa za kawaida.

"Baba anasema amebadili kura," alisema.

Nilizima mashine bunda la karatasi likiwa bado chini ya kisu, nikavua aproni, nikatoka bila kumuaga msimamizi. Njia nzima nilikuwa nachemka. Nilikuwa nimeshawatangazia watu. Nilikuwa nimepanga na maneno ya kumwambia, makali, kuhusu wanaume wasio na msimamo.

Nikamkuta ameketi. Mito mitatu ilikuwa nyuma yake, ndevu zimenyolewa, na juu ya gauni la hospitali alikuwa amevaa shati lake la dukani, lenye kola. Alikuwa amekonda sana katika siku zile tisa, shingo ilikuwa imebaki mishipa mitupu. Pembeni ya kitanda kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na juu yake binti alikuwa ametandika kitambaa chake cha kichwa ili ndugu wa mpishi wasikichukue. Fundi alitabasamu kama mtu aliyefaulu jambo gumu.

"Nilijua hiyo itakuleta," alisema.

Nikaelewa pale pale. Hakuwa amebadili chochote. Nilisimama katikati ya wodi, natoka jasho, watu wananitazama, na badala ya huruma nikapandwa na hasira ya mtu aliyechezewa. Alianza kunieleza kwamba amefikiri tena kuhusu filimbi, kwamba pengine tulikuwa tumemwonea Mpima, kwamba nikae tuzungumze kipande cha katikati. Alikuwa akiongea haraka, na pumzi haikumtosha.

Nikamkatiza. "Kura yako haihitajiki tena," nilimwambia.

Binti, aliyekuwa akimimina chai, alishusha chupa mezani. Nilidhani Fundi atanijibu kwa mzaha, kama alivyozoea, na nadhani na yeye alitafuta mzaha akaukosa.

"Basi kaa tu," alisema. "Si lazima tuongee."

Hilo ndilo alilokuwa akiliomba mwezi mzima ule, na sasa alikuwa amelisema. Kilichotakiwa kwangu ni kuondoa kitambaa kile na kuketi. Nikamwambia nimeacha mashine ikiunguruma kiwandani, kazi ni nyingi, nitapita wiki ijayo. Mashine nilikuwa nimeizima mwenyewe. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa na dakika hamsini bado.

Alifariki siku ya tatu yake, mchana. Mpima alikuja mazikoni na alisimama mbali na mimi, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Niliposhika mkono wa binti kumpa pole nilitaka aniseme, anitukane mbele za watu, nipate cha kujibu. Hakufanya hivyo. Nikamuuliza kama baba yake alisema lolote baada ya mimi kuondoka siku ile.

Alifikiri kidogo. "Alisema niondoe kitambaa," akanijibu, "niwape wale jirani kiti."