Sara na Sala wa Kigongo

Collins Otuoma alikuwa na ulimi usiojua kupumzika. Kituo cha utafiti alikofanya kazi, pale Mwanza, kilikuwa na miradi mitatu: wa kichocho, wa malaria na wa lishe ya watoto. Data za yote zilimwishia yeye, kwenye chumba kimoja kinachotazama ziwa. Kila mradi ulimpa mtoto namba yake, kwa hiyo ili kujua kama mtoto wa kichocho ndiye yule yule wa lishe, ilibidi Collins alinganishe majina, kijiji na umri.

Majina ndiyo yaliyomtoa jasho. Huyu kaandika Masalu, yule kaandika Masaru, na mtu ni mmoja. Collins, mtoto wa Rorya ambako alidai r na l kila moja ina kiti chake, aliwatania wadodosaji waliopita vijijini kuandikisha watoto, mpaka wakazoea. Mmoja wao, dada Paskazia, akiaga kwamba anakwenda “kura”, akimaanisha chakula, Collins alimuuliza ni kura ya ubunge au ya udiwani.

Mwisho akaipa kompyuta amri: r na l zihesabike herufi moja. Umri nao ukipishana kidogo isijali, maana wazazi wengine hukumbuka mvua ya mwaka ule kuliko mwaka wenyewe. Majina yaliyojirudia yakapukutika. Watu wakampongeza, naye akapongezeka.

Kisha likaja jina moja. Mradi wa lishe ulitaka watoto wasiokuwemo kwenye mradi wa kichocho, na kompyuta ikaonyesha kwamba Sala Obedi wa Kigongo, aliyeandikishwa kwenye lishe, ndiye Sara Obedi wa kichocho. Wote wawili waliandikwa na Paskazia. Mkuu wa data, madamu Sabina, hakupenda alichokiona.

“Watu wawili wakiandika tofauti, nasema ni masikio,” alimwambia Collins. “Mtu mmoja akiandika hivi leo na vile kesho, huo ni mkono. Amepika mtoto ili atimize idadi.”

Mkataba mpya wa Paskazia ulikuwa mezani kwa Sabina unasubiri saini. Kwenye utafiti, mtoto mmoja wa kubuni anatosha kumrudisha mtu nyumbani, na hakuna mradi mwingine utakaomgusa. Paskazia aliitwa, akasema ni watoto wawili. Akarudia, na kila aliporudia, Sara na Sala walitoka mdomoni mwake kama jina moja. Siku nyingine Collins angecheka mpaka ajishike mbavu. Safari hii aliangalia kibodi. Simu ya wazazi haikupatikana, basi Sabina akaamuru waende wote wawili, Collins akaone mwenyewe, kwa sababu macho ya Paskazia kwa sasa hayahesabiki.

Walikwenda na pikipiki ya mradi, Paskazia akiendesha. Collins alikaa nyuma bila utani hata mmoja hadi Usagara. Pale alijaribu mmoja. Paskazia akaongeza mwendo tu.

Teodora, mke wa Obedi, walimkuta anaanika dagaa. Baada ya salamu Collins alimwomba amwite Sara. Mama akaita, na nyuma ya nyumba wakatoka mabinti wawili, mmoja amempita mwenzake kichwa kizima, wakaamkia.

“Unamtaka Sala wa bibi au Sala wa maombi?” mama akauliza.

Mkubwa alirithi jina la Sara, bibi yake mzaa baba. Mimba ya wa pili ilisumbua mpaka wanakwaya wenzake Teodora wakafunga na kumwombea, ndiyo maana mtoto akaitwa Sala. Kwa Obedi hayo yalikuwa majina mawili tofauti kabisa, na kadi za kliniki zilimuunga mkono: moja Sara, nyingine Sala.

“Sasa mama, ukimtaka mmoja unafanyaje?” Collins akauliza.

“Naita, wanakuja wote. Ninayemtuma anakwenda, mwingine anarudi kucheza. Wewe shida unaiona wapi?”

Collins hakuiona. Alizitazama zile kadi, akampigia Sabina hapo hapo juani, akamwambia watoto wapo, amewashika mikono. Sabina akauliza kosa sasa ni la nani. Paskazia alikuwa pembeni, anachezea ufunguo wa pikipiki, masikio yote kwenye simu.

Ingekuwa rahisi kusema kompyuta. Kompyuta haina mkataba.

“Ni langu, madamu. Niliiambia r na l ni kitu kimoja. Dada aliandika kama kadi zinavyosema, amri yangu ikamchapa yeye.”

Sabina akasema mkataba atausaini leo. Collins naye aifute amri, awatenganishe wote aliowaunganisha, halafu awapitie kaya kwa kaya, kuanzia Misungwi hadi Magu. Siyo kwa simu.

Collins alirudisha simu mfukoni, akamtazama Paskazia.

“Utanipeleka, dada yangu?”

“Nitakupeleka,” Paskazia alisema akivaa kofia. “Ila hodi utapiga wewe, na majina utauliza wewe. Mimi nitakaa pembeni nisikilize unavyoyatamka.”

Akawasha pikipiki kabla hajajibiwa.