Hewa ya Rundo la Emukule

Mzee Emukule hakuwa mtu wa kusahau. Alikumbuka baba yake akichapwa na mkoloni kwa kutochimba matuta. Alikumbuka bwana shamba wa mwaka wa sabini na nne, aliyesema samadi ni ujinga, mbolea ni ya gunia. Sasa ni tisini na nane, gunia lenyewe halishikiki kwa bei, naye kwa miezi mitatu amezoa maganda ya ndizi, kabichi zilizooza na machicha ya ajono, ile pombe ya wimbi inayonywewa chunguni kwa mirija mirefu, mpaka rundo likapita kibanda chake pale ukingoni mwa soko la Malaba. Ndipo akatokea Paulinus, kijana mtaalamu wa mradi wa mazingira, viatu vinang'aa, kumwambia rundo linaharibu anga.

"Mzee, ndani limekosa hewa. Linatoa gesi inaitwa methani, inafunika dunia kama blanketi."

Emukule akatazama barabarani. Malori yalikuwa foleni toka forodhani hadi jicho linapochoka, injini zinanguruma, moshi mweusi tii.

"Na yale yanatoa nini? Uvumba?"

"Hayo si mradi wangu."

"Najua. Kila anayekuja na kalamu huanzia kwa maskini, maana maskini hana geti."

Paulinus alikuwa na adabu, lakini pia alikuwa na karatasi ya baraza la mji: gesi ikizidi kiwango, rundo lizikwe Ijumaa. Na mvua ilikuwa mlangoni. Bila rundo lile mahindi yangetoka manjano kama mwaka jana, na nyumba nzima ya Emukule ingekula muhogo mpaka Krismasi.

Kijana akafunika pipa juu ya rundo, akachomeka mrija mrefu wa kuvutia gesi. "Lisiguswe nusu saa," akasema, akaenda kunywa chai.

Hapo alikosea. Kwa Wateso, mrija ukitoka kwenye chombo wazee hawaulizi, wanatafuta viti. Chai haijapoa, Opolot na wenzake wawili wamelizunguka pipa, na Opolot, mwonjaji anayeogopwa na wapika pombe wote hadi Amukura, ana mrija mdomoni. Emukule aliona. Lakini kumnyang'anya mzee mrija ni kujitafutia laana, kwa hiyo akamsalimia tu.

Paulinus akarudi mbio. "Mzee, unafanya nini?"

Opolot akafuta midomo. "Sijui nani amepika hii, lakini hajui kazi."

"Si pombe. Ni gesi ya kupima."

"Ndiyo maana haishuki. Boss, ukialika watu, weka kitu ndani."

Paulinus akaketi chini na viatu vyake, akaandika: vipimo vimevurugika, rundo lisizikwe hadi virudiwe, kwa sasa lipewe hewa ya kutosha kila upande. Akatia sahihi, akampa Emukule karatasi.

"Utarudi lini?"

"Mwezi ujao."

Emukule akakumbuka wapima barabara wa sabini na tisa. Nao walisema mwezi ujao, na vigingi vyao hadi leo vinafungiwa ng'ombe.

Kesho yake akachukua wilibaro, akaanza kulipatia rundo hewa. Ijumaa karani wa baraza alipofika na vibarua wenye sepetu, alikuta uwanja mtupu.

"Rundo liko wapi, mzee?"

Emukule akampa ile karatasi ya Paulinus, akamwonyesha shamba lake nyuma ya soko: nusu ekari, nyeusi, mstari kwa mstari, imetandazwa nyembamba kama ugoro.

"Linapunga hewa," akasema. "Kanyaga polepole, nimeshapanda."