Mtihani wa Zamu

Wanawake wengi humkimbia mama mkwe. Mimi niliishi naye nyumba moja, nikafanya kazi dukani kwake, kisha nikaenda kusoma naye darasa moja. Mume wangu alilalamika kwamba tumemwacha yatima. Nusu alikuwa anatania, nusu nyingine ilikuwa njaa.

Mama ni fundi cherehani tangu mume wangu hajazaliwa. Mteja akiingia dukani anamtazama kuanzia kisogo hadi visigino, anashika mkasi, anakata. Futi huwa shingoni kwake kama mkufu tu. Chuo kikuu chetu kilikuwa kimemwahidi darasa la ukataji la mwaka wa kwanza, awe mwalimu kabisa mwenye meza yake, kwa sharti moja: apate shahada. Na kwetu hakuna shahada ya ushonaji bila mtihani wa zamu. Alinitangulia kuanza masomo, lakini nilipofika mwaka wa mwisho nilimkuta yupo palepale, anarudia. Alikuwa ameanguka mara mbili. Ukianguka ya tatu, unaaga.

Ili uuelewe mtihani huo, inabidi nikurudishe nyuma. Chuo chetu hiki, chenye lango la chuma na mkuu mwenye dereva, kilianza kama banda moja la mabati la kushonea nguo za kazi. Meza zilikuwa chache na watu wengi, kwa hiyo wakagawana zamu: wakataji asubuhi, washonaji jioni. Hawakuonana. Mshonaji alikuta vitambaa vimekatwa na karatasi juu yake, na asipoelewa, hakuna wa kumuuliza. Magomvi yao waliandikiana kwa chaki juu ya meza, na inasemekana matusi ya siku hizo yalikuwa na ufundi kuliko suruali zenyewe. Mwalimu wa kwanza, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkasi, akachoka. Akatoa amri kwamba hapewi cheti mtu ambaye kazi yake haiwezi kumaliziwa na mwenzake bila swali. Banda likawa shule ya ufundi, shule ikawa chuo, chuo kikawa chuo kikuu. Mabati yakang'olewa, amri ikabaki.

Basi unachora karatasi ya ovaroli kwa vipimo vya mwanafunzi mmoja wa kuchomelea vyuma. Karatasi inapewa namba, haina jina. Mwenzako atakayeokota namba hiyo ndiye atakayekata na kushona, nawe umekaa kwenye viti vya ukutani, hata kukohoa kwa ishara ni marufuku. Mwisho mchomeleaji anaivaa, anachuchumaa, anainama, anainua mikono. Ikimbana, umeanguka wewe uliyechora. Na mshonaji asiyefuata karatasi anaanguka pia.

Mara ya kwanza mama hakuweka alama ya mkono wa kulia na wa kushoto. "Kipofu gani hajui?" alisema. Mwenzake akaipachika mikono kinyume, na yule mchomeleaji akasimama kama mtu anayeota moto. Mara ya pili alama zilikuwepo zote, ila alimwona mshonaji anachelewesha pasi juu ya kitambaa, akapaza sauti kutoka ukutani: "We! Unaunguza!" Akatolewa nje. Kitambaa kiliungua kweli, lakini sheria ni sheria.

Mwaka huo wa jaribio la tatu alibadilika. Chuo chetu ni cha watu wanaojifunza juu ya migongo ya wenzao: wanafunzi wa upishi wanatupikia, na siku wanapofundishwa chumvi sote tunajua, mabomba ya bweni ni mtihani wa mafundi bomba, kwa hiyo yakivuja tunawatakia heri. Mama hakuwa na habari na hayo. Alikuwa akimaliza kipindi anapotea mchana kutwa, jioni anarudi nyumbani ananuka moshi wa chuma, anakaa mezani na penseli, anachora, anafuta. Nikimuuliza ananiambia, "Soma yako, mwanangu." Nami nina hasira za karibu, kwa hiyo nilikuwa nasusa na kwenda kuosha vyombo kwa kelele.

Siku ya mtihani, waliochora zamu hiyo walipoitwa kukaa, nami nikiwa zamu ya kushona, mama alimwendea mhadhiri wetu, binti ambaye yeye mama angeweza kumzaa.

"Mwalimu, naomba nigeuze kiti changu."

"Kwa nini, mama?"

"Macho yakiona, mdomo wangu hausubiri."

Mhadhiri akaumauma midomo asicheke, akamruhusu. Mama akakaa akiutazama ukuta, mkoba mapajani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Akawa hajui nani kaokota nini.

Niliokota namba, nikaikunjua ile karatasi, nikajua ni ya mama. Saba zake huwa anazikata kiunoni kwa kistari, na pale saba zilikuwa nyingi. Nikaenda kumnong'oneza mhadhiri kwamba namjua mwenye karatasi.

"Mwaka juzi mume alishona ya mkewe," alinijibu. "Wakaanguka wote wawili, wakanuniana mpaka mahafali. Hapa hakuna mkwe, kuna karatasi. Kashone."

Nikakata, nikaanza kushona. Mikono ilikubali, kola ilikaa. Nilipofika mgongoni nikasimama. Kipande cha nyuma kilikuwa kirefu kuliko cha mbele kwa upana wa kiganja kizima. Dukani kitu hicho nakijua: ni ziada ya mama. Siku zote anaacha kitambaa kingi nyuma, na kazi yangu ni kukipunguza mteja akishavaa. Mkono wangu ulikwisha ushika mkasi wenyewe, bila kuniomba ruhusa. Ndipo nikaona maandishi madogo pembeni: "Usikate. Kunja hapa kiunoni, shona pembeni tu, katikati acha wazi."

Mama, akunje mgongo wa ovaroli? Mama huyu anayesema mkunjo ni maficho ya fundi asiyejua kupima? Nikaona wasiwasi umemchanganya. Nikikata, huenda nikaanguka mimi, lakini itatoka ovaroli ninayoijua, aliyoshona maisha yake yote. Nikikunja na iwe kosa, ndoto yake ya kufundisha imekwisha, tena kwa mikono yangu mimi ninayekula naye sahani moja. Nikatazama ukutani, nikaona mgongo wake na kilemba tu. Nilimkasirikia sana. Siku asipotakiwa kusema husema, na leo namhitaji kanipa kisogo!

Kilichoniamua ni neno lile la kwanza. Dukani mama hajawahi kuniandikia kitu. Ananielekeza kwa kidevu. Mtu aliyekaa chini akaandika "usikate" alikuwa amemfikiria mtu mwingine, aliyeshika mkasi, mwenye kiherehere kama changu. Nikauweka mkasi mezani. Nikakunja, nikabana kwa pini, na pembeni pande mbili zikakutana sawasawa.

Mchomeleaji aliyekuja kuivaa alikuwa jitu la miraba minne, wenzake wanamwita Kontena. Akainua mikono. Akachuchumaa, nami nikafumba macho nikisubiri kusikia uzi ukikatika. Nikayafumbua. Halafu akainama mpaka vidole vikagusa sakafu, na ule mkunjo ukafunguka mgongoni, ukamwachia nafasi. Alipoinuka ukajifunga, kiuno kikakaa kama mwanzo. Mhadhiri akapitisha kidole kwenye mishono yote, akalinganisha na karatasi, akasema, "Namba hii imepita."

Mama akageuka na kiti chake. Machozi yalikuwa yameshamtangulia.

"Nani kashona?" aliuliza. "Yuko wapi nimpe mkono?"

"Ni mimi, mama."

Akanitazama, na uso wote ukamshuka. Mkono alioutoa akaurudisha kwenye mkoba.

"Aa," alisema. "Ni wewe. Basi haihesabiki."

"Imepita, mama! Mwalimu kasema."

"Wewe unaijua mikono yangu. Hukusoma wewe, umekumbuka tu. Hao watoto wa mwaka wa kwanza watakumbuka nini?"

Roho iliniuma, maana hakuwa anadeka. Alitaka kujua kama ameweza, na alidhani nimemnyang'anya jibu.

"Mama," nikamwambia, "ningekumbuka, ningeukata huo mgongo. Mkasi nilikwisha ushika. Umewahi lini kukunja mgongo wa ovaroli?"

Akafikiri. "Sijawahi."

"Sasa mkunjo mimi nimeutoa wapi?"

Alimtazama Kontena, akaitazama karatasi yake iliyotobolewa na pini zangu.

"Kwenye karatasi," alisema polepole.

"Kwenye karatasi. Wewe sikukufuata hata kidogo."

Ndipo akaeleza kwamba michana yote ile aliyokuwa akipotea alikuwa karakana ya wachomeleaji, amekaa kwenye ndoo, anawatazama wanavyoinama, na nguo zinavyowavuta mgongoni. Akamwita Kontena. "Inama tena, baba, nilikuwa nimegeukia ukuta." Akainama. "Tena." Akainama. Mara ya nne kijana akalia, "Mama, mgongo huu ni wangu lakini!" na chumba kizima kikacheka, mhadhiri akiwa wa kwanza.

Mama akanishika mkono, akaukaza. Nilimwonea fahari.

"Kumbe nikifa," alisema, "mtu anaweza kushona nguo yangu na asiniulize."

Nikamwambia asithubutu kufa kabla hajachora joho lake la mahafali, maana mimi siku hizi sikati kitu bila karatasi.