Fasi ya Kumuacha Mwizi-Anajijua

Kwa avenue ya Mama Jokébed, kule Butembo, ukimukasirikia jirani hauendake kumutukana kwa mulango wake. Hiyo ni kazi ya batu wenye hawana mbwa. Mwenye mbwa anamupa mbwa jina, anaita kwa sauti kila asubuhi, na mwenye kusikia anasikia. Donc, siku kuku zake zilipotea na harufu ya kuku ya kukaanga ikatoka kwa jirani Lusenge, Mama Jokébed hakusema kitu. Alikuwa ametoka kununua mutoto wa mbwa. Akamuita Mwizi-Anajijua.

Mbwa akakomaa, jina nayo ikakomaa. Sasa ona shida: binti yake Ornella batamutolea dote, ile mahari, kule Mavivi, upande wa Beni, na mama wa bwana-arusi anaogopa mbwa sawa kifo. Kumuacha mbwa peke yake kwa nyumba? Aka! Mara ya mwisho alilia mupaka quartier nzima ikakosa usingizi. Na dote bila mama wa binti, hiyo hapana dote, hiyo ni soko. Ilibaki kumutafutia mbwa fasi ku village, kwa mutu wa kumuchunga.

Motard wa pikipiki mwenye alikubali kubeba mbwa alikuwa mumoja tu: Lusenge.

"Panda, mama," alisema. Mama akapanda, mbwa katikati yao ndani ya kitunga.

Bakafika kwanza kwa Gérard, munuzi wa kahawa mwenye lupango kubwa ya kuzungushiwa ukuta. Gérard alikuwa anapima mifuko ya balimaji kwa mizani. Mbwa akaruka, mbio mupaka kwa miguu yake.

"Mwizi-Anajijua!" Mama Jokébed akapiga kelele. "Mwizi-Anajijua, toka hapo!"

Balimaji bote bakageuka, bakamutazama Gérard. Gérard akatazama mizani.

"Mama," alisema polepole, jasho inamutoka, "ni nani amekutuma?"

Hata maji ya kunywa hawakupewa.

Kwa Phinées, muzee wa kanisa, Mama Jokébed akaingia na akili. Akamuita mbwa "wewe" tu. Mambo ikaenda muzuri: fasi ya kulala safi, foufou ya muhogo na samaki kidogo za ndakala kila siku, na sala ya asubuhi juu yake. Halafu muke wa Phinées akauliza, "Anaitwaka nani?"

Mama Jokébed akakohoa. Kudanganya ndani ya nyumba ya muzee wa kanisa? Akasema jina. Phinées akasimama, akaapa mbele ya Mungu kwamba ile mabati ya jiko lake ilibakia tu, kazi ya kanisa ilikuwa imeisha. Na hakuna mutu alikuwa amemuuliza habari ya mabati.

Kwa Kasonia, ku barabara ya Manguredjipa, njo ilikuwa kambi ya mbwa ya kweli: vibanda, majani makavu, mbwa banene bananenepa. Mama Jokébed akafurahi. Kasonia akasikia jina, akashika kichwa.

"Mama, mbwa wako ni muzuri. Mais nyuma ya hii lupango ni shamba ya mama-mukwe, na tunagombana juu ya mupaka. Nikiita ile jina kila mangaribi, muke wangu atarudi kwao."

"Muite Baraka! Muite Simba!"

Kasonia akaita Baraka, akaita Simba. Mbwa akamutazama sawa anaangalia mutu mwenye homa.

Mama Jokébed akakaa chini kando ya barabara, akalia. Binti yake wa pekee batamupeleka bila yeye. Lusenge akazima pikipiki.

"Mama, mumuache kwangu."

"Kwako?" Alipanguza macho. "Na ile jina... haikuchomi?"

"Inanichoma sana, tangu siku ya kwanza. Ile kuku nilinunua soko, mutoto wangu alikuwa ametoka hospitali. Mais leo siku muzima nimekutembeza, na nimeona yote yenye ile jina inafanyaka kwa mutu mwenye kujijua. Mimi itanichoma, lakini haitanizuia kumupa mbwa chakula."

Bakarudi Butembo. Lusenge akaingia kwake, akatoka na sahani ya foufou, akasimama katikati ya avenue, batu bote banaangalia, na akaita kwa sauti ya kujaza quartier:

"Mwizi-Anajijua! Kuya kula!"

Mbwa akamukimbilia, mukia juu. Hakuna mulango ulifungwa, hakuna mutu aligeuka. Kwa ile avenue yote, mwenye aliinamisha kichwa ni Mama Jokébed peke yake.