Feni ya Mama Mkwe

Jua la saa sita lilikuwa utosini, foleni haisogei, na Sikio alikuwa amefungulia hita ya gari mpaka mwisho. Mama mkwe wake, aliyeketi kando yake ndani ya gauni la mikono mirefu, alijifuta jasho shingoni kwa mara ya nne.

"Fundi," alisema, "unanipika?"

"Ninaiokoa injini, Mama. Joto likija huku ndani, kule mbele linapungua."

"Kwa hiyo lazima mmoja achemke, na umenichagua mimi."

Sikio aliinamia usukani. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto, uliokuwa ukipanda polepole bila haya. Gari lilikuwa la mama mkwe. Barabara ikiwa wazi lilikwenda vizuri kabisa. Likiingia kwenye foleni, lilichemka. Kwanza alilifungia mota mpya ya feni. Liliporudi likichemka, akazibua rejeta ya kupozea maji. Liliporudi tena, akabadilisha pampu ya maji. Mara ya tatu, akiwa hana tena la kubadilisha, aliulaumu uendeshaji wa mwenye gari, kwamba anakanyaga breki kama mtu anayeua mende. Tangu siku hiyo mama mkwe aliacha kumwita mwanangu. Alimwita fundi, tena kwa adabu sana, na adabu hiyo ndiyo iliyomuuma.

Asubuhi ile mama alitoa masharti. Wangekwenda pamoja mpaka kwenye mzunguko wa sokoni. Gari likichemka kabla ya kufika, yeye angelipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji ya Sikio, yule anayegawa kalenda zenye picha yake mwenyewe ameshika spana. Kalenda moja ilikuwa pale pale juu ya dashibodi, ikikinga jua. Sikio alijua maana yake. Mtaa mzima ungeliona gari la mkwewe limeegeshwa upande wa pili, na hakuna mteja ambaye angehitaji kuelezwa zaidi.

Jina lake hakulipata bure. Alikuwa na bisibisi ndefu. Aliweka ncha kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, na ugonjwa ukajitaja. Wateja walinyamaza kama wako mbele ya daktari. Kuhakikisha tena alichokwisha kukisikia aliona ni kujidharau.

Mshale uliingia kwenye wekundu wakati mzunguko umeshaanza kuonekana. Mvuke ukafoka. Sikio aliegesha pembeni, akazima injini, akaacha ufunguo umewashwa ili feni iendelee kuzunguka, kisha akafungua boneti. Mama mkwe alishuka akasimama mbele ya gari kutafuta hewa. Sikio aliinama na bisibisi yake.

"Feni nzima," alitangaza. "Naisikia. Tatizo haliko hapa."

"Mbona inanipulizia?"

"Haiwezi kukupulizia, Mama. Feni inavuta hewa ya nje, inaipitisha kwenye rejeta, inaingia ndani. Ndiyo kazi yake."

"Basi kazi yenyewe haiijui." Ncha za mtandio wake zilikuwa zikipepea kuelekea gari la mbele. "Nimekuwa mkunga miaka thelathini, fundi. Nimesikiliza matumbo mengi kuliko injini zako zote. Lakini nikishasikia, naweka na mkono. Hebu njoo hapa."

Sikio alikwenda. Aliweka mkono mbele ya rejeta, na pumzi ya moto ikampiga kiganjani. Feni ilikuwa ikizunguka kinyumenyume. Gari likikimbia, upepo wa barabara uliizidi nguvu. Kwenye foleni hapakuwa na wa kuizidi. Na mlio wake ulikuwa uleule. Akaikumbuka siku aliyofunga ile mota: waya zote mbili nyeusi, naye akimsimulia mteja mmoja habari za sikio lake, mikono ikifunga bila macho.

Kuzibadilisha kulimchukua dakika mbili. Angeweza kusema waya ilikuwa imelegea, na nani angebisha? Maneno yalikuwa yameshafika ncha ya ulimi. Lakini aliona aibu, aibu ya kweli iliyomshika mpaka masikioni.

"Mama, waya ilikuwa..." Akaiweka bisibisi chini. "Nilizifunga kinyume. Mimi mwenyewe, siku ile ya kwanza. Rejeta haikuwa na kosa, wala pampu. Na wewe unaendesha vizuri."

"Hata breki?"

"Hata breki, Mama."

Sikio aliwasha feni tena. Mtandio wa mama mkwe ulikuwa umelala; sasa ncha zake zikaanza kuvutwa kuelekea kwenye gari. Mle ndani mshale ulikuwa ukishuka. Lakini masharti ni masharti, na mzunguko ulikuwa bado uko kule mbele. Mama aliketi kwenye ukingo wa barabara, uso unang'aa kwa jasho.

"Sasa upepo wote unakwenda kwenye gari," alisema. "Na mimi je?"

Sikio alitazama huku na huku. Kitu cha kupepea kilichokuwepo kilikuwa kimoja tu, juu ya dashibodi. Aliichukua kalenda ya mpinzani wake, akasimama kando ya barabara, akaanza kumpepea mkwewe mbele ya foleni nzima. Dereva wa lori aliteremsha kioo, akalisoma jina la gereji kwa sauti, akauliza kama mafundi hao ni wazuri.

Sikio aliongeza kasi ya kupepea.

Mama mkwe alikuwa amefumba macho.

"Igeuze hiyo kalenda, mwanangu," alisema. "Watu wanasoma."