Msahihishaji Asiye na Jina

Mwalimu wa Jiografia, ambaye shule nzima ilimwita Mama Ramani, hakuyaamini yale mafunzo tangu siku ya kwanza. Waliambiwa ni ya kuwanoa walimu wafundishe kwa teknolojia: uingie kwenye tovuti, usome, urekodi somo lako kwa video, ulitume. Kisha mwalimu mwenzako, ambaye jina lake limefichwa, akusahihishe, na wewe umsahihishe mwingine aliyefichwa vilevile. Atakayepata chini ya nusu hapangiwi darasa muhula ujao. Aliposikia hilo la mwisho, Mama Ramani aliguna. Alikuwa anawajua walimu. Ukiwapa rungu na giza kwa pamoja, usitegemee wakupapase.

Alirekodi somo lake nyumbani, juu ya mito na mabonde, dada yake akimshikia simu. Jumatatu alipoingia kwenye tovuti alikuta maoni ya msahihishaji wake. Alama hazikuwepo. Kulikuwa na neno moja tu: Nione...

Sasa, hakuna mwalimu ambaye hajaandika neno hilo kwenye daftari la mwanafunzi. Anayeandikiwa hujua kuna jambo, na jambo lenyewe si zuri. Lakini mwanafunzi angalau anajua aende kwa nani. Huyu asiye na jina, mtu akamwone wapi?

"Mtu anataka chai huyo," alisema mwalimu wa Historia, jirani yake wa meza, alipoonyeshwa. "Alama zako kazikalia. Ukimwona vizuri, atanyanyuka."

"Na nisipomwona?"

"Basi utaonekana wewe."

Alisema kwa utani, akarudi kwenye gazeti lake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Mama Ramani alikwisha kuumwa. Uongozi wa idara aliwahi kunyang'anywa kwa maneno ya pembeni, na mpaka leo hakujua ni nani aliyeyapeleka. Safari hii aliapa atamjua mtu wake mapema.

Wenzake walipokwenda madarasani, alipita meza hadi meza akifunua madaftari ya wanafunzi. Wote waliandika Nione. Wa Historia aliandika kwa herufi kubwa, wa Hesabu alipigia mstari kama anayetaka kuchana karatasi. Madaftari ya Kemia ndiyo yaliyomsimamisha. Kila Nione ilikuwa na nukta tatu mkiani.

Mwalimu wa Kemia alikuwa mgeni pale shuleni, dada mpole wa mkataba wa muda, asiyesikika hata akipiga chafya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, Mama Ramani alijisemea, akayarudisha madaftari kama alivyoyakuta.

Alasiri hiyohiyo yule dada alimjia mezani.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba tuongee kidogo, pale pembeni."

"Marahaba. Pembeni kuna nini ambacho hapa hakipo?"

Dada aliutazama mlango wa ofisi ya mkuu wa shule, ambao ulikuwa wazi. "Basi, baadaye," alisema, akaondoka. Mtu mwenye jambo safi hatazami milango, aliwaza Mama Ramani, na moyo wake ukafunga kesi.

Jumanne alifungua kazi aliyopangiwa yeye kuisahihisha. Lilikuwa somo la asidi na besi, na mwalimu wa Kemia shuleni ni mmoja tu. Mungu akitaka kukupa, hakuandikii barua. Alilitazama lote. Lilikuwa somo zuri, limepangika, hata yeye aliyeikimbia Kemia tangu ujana wake alielewa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akampa alama chini ya nusu, akaandika: Mapicha mengi, yaliyobaki porojo. Halijafikia kiwango. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, kwa kuwa alama zikishatumwa hazibadilishwi. Alikuwa nayo. Usiku ule alilala usingizi wa pono.

Jumatano jioni mwalimu wa Kemia alimfuata getini, akimwita kwa sauti yake ndogo. Mama Ramani alijifanya anaongea na simu, akaongeza mwendo.

Alhamisi yule dada hakuomba tena. Alimkuta kwenye stoo ya vifaa, akikunja ramani, akaingia na kufunga mlango nyuma yake.

"Hela ya kukupa sina," Mama Ramani alimwahi. "Tuelewane kabisa."

"Hela ya nini, mwalimu?" Alionekana kushangaa kwelikweli. Akamnyooshea simu. "Hebu sikiliza somo lako. Mwanzo kabisa."

Mama Ramani aliisikia sauti yake mwenyewe, kabla ya mito na kabla ya mabonde, ikimwambia dada yake: "Eti mkuu wetu ndiye msimamizi wa mafunzo ya kompyuta. Yeye kuiwasha tu anaita fundi. Cheo chenyewe kakipata kwa kuwabebea wakubwa mikoba. Haya, washa sasa." Simu ilikuwa imeshawashwa zamani.

"Kesho mkuu anazipitia zote," alisema mwalimu wa Kemia. "Nikituma alama video inafungwa, huwezi kuibadilisha tena. Ndiyo maana nimezishikilia. Na sababu nisingeweza kuiandika, maoni naye anayasoma. Kata hapo mwanzo, uitume upya."

Mama Ramani alikaa juu ya boksi la atlasi. Walikata pamoja, wakatuma pamoja, na yule dada akampa alama nzuri palepale mbele yake. Mama Ramani aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Somo lako la asidi," alisema, "nimesahihisha mimi."

"Najua. Porojo, shule hii, ni neno lako peke yako."

"Nitakwenda kwa mkuu sasa hivi. Nitamwambia nilikosea, akufungulie alama zako."

"Akikuuliza kwa nini ulinifelisha?"

"Nitasema nilikushuku. Kwa sababu ya lile neno uliloniandikia."

"Akikuuliza kwa nini nililiandika?"

Kila njia aliyoifikiria Mama Ramani ilipita kwenye ile video. Alilitazama boksi alilokalia, akaitazama mikono yake.

"Umejua tangu lini kwamba ni mimi?"

"Jana asubuhi," alisema mwalimu wa Kemia, akiufungua mlango. "Nilikuwa nimeshayasoma maoni yako nilipokufuata getini."